Mkono wa Mcheza Ng'ombe

Msinicheke. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na bakora, wanaoanza kwa kusema zamani samaki walikuwa wakubwa. Mimi nina meno yangu yote, na mtoto ananivuta ushungi huku naandika. Lakini kazi nimeiacha, au niseme kweli, kazi imenitoa. Ilikuwa desturi ya hospitali tuliyokuwa nayo kwamba nesi akichukua mimba huvua sare, huagwa kwa chai na biskuti, akaenda zake. Hakuna aliyeniuliza kama na mikono yangu imechukua mimba. Basi nimestaafu kabla sijatimiza miaka ishirini na tano, na nina hasira, na nyinyi mabinti mnaotoka skuli sasa ndio mtakaoipokea hasira hiyo pamoja na kile nilichojifunza. Pokeeni vyote viwili.

Aliyenifundisha ni Daktari Lobo, Mgoa aliyezaliwa Unguja, mrefu, mwenye kikohozi cha sigara, mtu ambaye hata nyumba ingeungua angemaliza kwanza kufunga vifungo vya koti. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya kliniki ya wagonjwa wa nje, chumba cha viungo. Wengi waliokuja pale walikuwa wachezaji: wa mpira, wa mitumbwi, wa ng'ombe. Aliniomba nikae naye kwa sababu nimesoma sekondari na sioni haya kumshika mwanamme mkono mbele za watu. Manesi wengine walisema kazi ile haina heshima. Mie nikasema heshima haipo kwenye kiwiko.

Siku ya kwanza alinikalisha, akachukua wino, akanichora mkono mzima kutoka kwapani mpaka kwenye kucha. Mshipa mmoja mwekundu, mmoja buluu, mmoja kijani. Si mishipa ya damu, alisema, ni mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za moto na baridi. Mwekundu umezunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Huo ndio unaoinua kiganja na kunyoosha vidole. Buluu umepita katikati; huo ni wa kidole gumba na jirani zake, ndio unaokujulisha sindano ukiigusa gizani. Kijani umepita nyuma ya kiwiko, pale unapojigonga ukaona nyota mchana. Huo ni wa kidole cha mwisho. "Nenda nao nyumbani," akasema, "usiuoshe mpaka uujue."

Nikaenda nao nyumbani Madungu. Mama mkwe wangu, Bi Salma, akaniinua mkono mlangoni.

"Hina gani hii? Aliyekupaka alikuwa mlevi?"

"Ni mishipa, mama."

"Mishipa!" Akapiga kofi mapaja yake. Kwetu ukisema mshipa tu, watu wanafikiri maradhi ya wanaume yasiyotajwa mbele ya chakula. "Mwanangu kaoa msomi, msomi karudi na mishipa mkononi. Kaoge."

Sikuoga. Nililala na mkono ule nje ya shuka, na asubuhi niliujua.

Sasa nisikilizeni, maana haya ndiyo yatakayokufaeni. Alikuja golikipa wa timu ya hapa mjini. Alirukia mpira akaangukia bega, bega likatoka. Wenzake, kwa mapenzi yao, walimlaza pale pale uwanjani, mmoja akamtia mguu kwapani, akavuta. Bega likarudi kwa mlio, watu wakashangilia kuliko goli. Lakini mkono ukawa hauinuki kwa ubavuni. Daktari Lobo hakumgombeza mtu. Alichukua pamba akampitishia kwenye bega, pale juu kwa nje, pahala ambapo askari huvaa alama ya cheo. Golikipa hakuhisi kitu.

"Unaona?" akaniambia. "Mshipa wa bega umeumia. Lakini umeumizwa na kuanguka au na ule mguu? Hatutajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyepima kabla ya kuvuta. Wewe utapima kabla, na utapima baada. Ukipima mara moja tu, hujapima."

Nimeona baadaye watu wenye vyeti vikubwa wakisahau hilo, na nimewaona wasio na cheti chochote wakisahau vile vile. Daktari Lobo hakusahau hata siku chumba kilipojaa mpaka nje. Ndiyo maana namsifu. Akili wanayo wengi. Yeye alikuwa na adabu ya kurudia.

Akaja pia mpiga kafi kutoka Fundo, dume la mtu, kifua kama mlango wa duka, bingwa wa mashindano ya mitumbwi. Analalamika kidole cha mwisho na jirani yake vinakufa ganzi. Daktari akanipa kipande cha gazeti, akamwambia yule bwana akibane baina ya kidole gumba na cha shahada, na mie nikivute. Nikakivuta kikatoka kama nywele kwenye samli. Watu wa benchi wakacheka mpaka mmoja akaanguka.

"Bingwa wetu kashindwa na bibi arusi!"

"Mwachieni, kaona haya kumshinda!"

Yule bwana akakunja uso, akataka turudie. Tukarudia, nikakitoa tena. Kisha Daktari akachukua kalamu, akautelezesha mgongo wake juu ya ngozi ya kiganja. Upande wa kidole gumba ilikwama kwama, kwa sababu ya jasho. Kwetu joto hili nani hatoki jasho? Ilipofika upande wa kidole cha mwisho ikateleza kama kwenye kioo. Mshipa ukiumia, ngozi yake haitoki jasho. Mgonjwa anaweza kukudanganya kwamba anahisi au hahisi, lakini jasho halina urafiki na mtu. Kumbe bwana yule alikuwa anagandamiza kichwa cha kafi kwa kitako cha kiganja kila siku tangu alfajiri. Dawa yake ilikuwa kubadili mshiko na kupumzika. Alikasirika, alikuwa anataka sindano.

Lakini niliyetaka kuwaambieni habari zake hasa ni Khatibu.

Khatibu alikuwa mpagazi wa bandarini Wesha na mchumaji wa karafuu msimu ukifika, na kwa mapenzi yake, mcheza ng'ombe. Mnaotoka huku mnajua: fahali amefungwa kamba ndefu, zumari inalia, wanawake wanaimba, na vijana wanamchokoza kwa kitambaa huku wengine wameshika kamba. Kushika kamba ndiko kazi kubwa. Na kuna ujinga mmoja sijausikia pahala pengine duniani: kijana akitaka kuimbwa, huizungusha kamba mkono wa juu, mizunguko miwili, akasimama nayo peke yake, kifua mbele. Akiweza kumzuia fahali hata kidogo, nyimbo anatungiwa. Khatibu alizungusha. Fahali akaona kitu alichokitaka upande wa pili.

Aliletwa amefungwa vijiti vya mianzi kuanzia bega mpaka kifundo cha mkono, vimekazwa kweli kweli, maana watu wake waliona mkono umelegea wakasema umevunjika. Alikuja na mama yake, Bi Mize, na ami yake, Mzee Shaame, ambaye ndiye msemaji wa nyumba.

"Mfupa umevunjika," akasema Mzee Shaame.

Daktari Lobo akafungua vijiti kimoja kimoja. Akapapasa mfupa juu mpaka chini. Mzima. Akamwambia Khatibu anyooshe kiwiko, kikanyooka. Ainue kiganja, kiganja kikabaki kinaning'inia kama kuku aliyechinjwa. Anyooshe vidole kutoka kule vinakoanzia, wapi. Gumba nalo halikuondoka. Nyuma ya mkono, baina ya gumba na shahada, pamba hakuihisi. Daktari akanitazama, nami nikajibu bila kungoja: "Mwekundu. Umeumia nyuma ya mfupa, pale ilipozungushwa kamba. Chini ya tawi la msuli wa kunyoosha kiwiko, ndiyo maana kiwiko ni kizima." Akaitikia kwa kichwa. Sijawahi kupata zawadi kubwa kuliko kichwa kile.

Kisha akanijaribu. "Mwambie atanue vidole." Khatibu hakuweza kuvitanua. "Basi na kijani umeumia?" Nikataka kusema ndiyo. Nikauchukua mkono wake nikaulaza juu ya meza, kiganja chini, kifundo kikapata pa kuegemea. "Tanua sasa." Vikatanuka vyote. Kiganja kilichoanguka huvifanya vidole navyo vionekane vibovu. Kumbukeni meza. Meza haina gharama.

Mtego wa pili ulimnasa Mzee Shaame. Aliona ncha za vidole zinanyooka kidogo Khatibu akijitahidi, akaruka. "Mbona vinanyooka! Kijana huyu anajitia tu, hataki kubeba magunia!" Ncha za vidole, Daktari akamweleza kwa upole, hunyooshwa na misuli midogo ya ndani ya kiganja, na hiyo ina mshipa mwingine. Tazama kule vidole vinakoanzia, usitazame ncha. Mzee alitazama lakini hakuona, kwa sababu hakutaka.

Na maneno yale yalitangulia kufika Wesha. Khatibu aliporudi bandarini na kiganja chake kinachoning'inia, walimpokea.

"Tazameni, nkono wake wasujudu kabla yeye hajatia udhu!"

"Gunia zito, ami, weye kachume maua!"

Aliniambia haya huku anacheka, lakini macho yalikuwa yanatazama chini.

Daktari alisema mshipa haukukatika, umebanwa na kuvutwa. Huota tena, taratibu kama kucha. Kazi yetu ni kuulinda mkono usiharibike ukingoja. Akamtilia plasta ya kukiinua kiganja. Plasta ikalowa jasho na kunuka, akaivunja, akatembea mwenyewe mpaka kwa fundi baiskeli, akakaa naye juu ya kigoda. Walirudi na kitu ambacho sijaona tena mfano wake: banzi la bati lililofunikwa kitambaa, limeinua kifundo, na juu yake spoki za baiskeli zimepindwa, kila spoki ina kipande cha mpira wa ndani wa tairi kinachokivuta kidole juu. Khatibu akawa anaweza kufumba ngumi kwa nguvu zake, na ule mpira unamfungulia. Siku ile alishika kikombe cha chai mwenyewe. Bi Mize alikaa chini pale pale sakafuni akalia.

Kila siku tulifanya kazi ile ile. Kuvua banzi, kuosha, kutazama ngozi ile isiyohisi isije ikaungua kwa sufuria bila mwenyewe kujua. Kukunja na kunyoosha kila kiungo kwa mkono wangu, pole pole, visigande. Kugonga kwa ncha ya kidole kwenye njia ya mshipa, nimuulize, "Wapi panakuchoma kama umeme?" Na mwisho, kukunja kiwiko kama mtu aliyeshika glasi, gumba juu, nikaushindilia mkono wake chini huku naweka kidole juu ya kigasha, karibu na kiwiko.

"Hapa ndipo utakapongoja," alisema Daktari. "Msuli huu ndio wa kwanza kurudi. Watu wote watatazama kifundo. Wewe tazama hapa."

Mzee Shaame hakungoja. Alikuwa na mtu wake shamba anayetia chuma cha moto. Angekiweka juu ya kiwiko na kwenye mgongo wa mkono, alisema, na ubaridi utatoka. Daktari akamwambia pasipo na fahamu pakichomwa huoza, na mshipa unaoota ukikutana na kovu la moto hausogei tena. Mkono utakufa. Mzee akasikiliza, akafuta uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wa ndugu yake marehemu, na kijana asiyepanda mkarafuu na asiyebeba gunia atakula nini?

"Nangoja mpaka karafuu zianze kuchumwa," akasema. "Zikianza na nkono u vivi hivi, nampeleka. Na msinizuie."

Khatibu mwenyewe aliinamia banzi lake. Mkubwa akisema, kwetu mdogo hunyamaza.

Tukawa tunashindana na karafuu. Kila nikipita nilitazama juu ya miti, navyo vitumba vinanenepa kwa raha zao. Kule kuchoma kama umeme kuliteremka kidogo kuelekea kiwiko, na Daktari alifurahi, lakini msuli ulikuwa kimya. Na tumbo langu nalo lilikuwa linanenepa. Siku moja Matroni aliniita, akanitazama katikati, akasema, "Hongera," na ile hongera ndiyo iliyonifukuza.

Waliniandalia chai. Walisimama kwa adabu na biskuti zao. Nilitaka kuitupa birika. Badala yangu hapakuwekwa mtu. Chumba cha viungo kikapewa nesi wa wodi apite akipata nafasi, na nafasi hakuwa nayo. Daktari Lobo alikuja mwisho, akachukua kikombe, akasimama karibu yangu akitazama ukuta.

"Baraza yako," akasema, "inakaa watu wangapi?"

"Sita, wakibanana."

"Watatu wanatosha. Mama yake aje naye. Mimi nitapita Ijumaa baada ya kliniki. Mgonjwa hatibiwi na sare, Bibi."

Nilipomwambia mume wangu, alisema, "Muulize mama." Nilipomuuliza mama, Bi Salma aliweka upawa chini.

"Mwanamme wa Wesha, barazani kwangu, kila siku, unamkanda nkono, na tumbo hilo?"

"Na mama yake yupo, na weye upo, mama. Kaa utuangalie."

"N'takaa, tena n'takaa sana."

Akakaa. Alileta mchele wake wa kuchambua, akajiweka mlangoni kama askari wa forodha. Majirani walipita wakasema yao. Khatibu alikuja kila asubuhi kwa miguu kutoka Wesha, banzi lake limefungwa kwa kitambaa safi, na hakuchelewa hata mvua iliponyesha. Hili nataka mlijue: mganga anasifiwa, lakini kazi kubwa ni ya mgonjwa. Jaribuni nyinyi kuuamrisha mkono usiosikia, kila siku, mbele ya mama wa watu anayechambua mchele, mkono usijibu, na kesho mrudi. Alikuwa shujaa zaidi pale kwenye jamvi kuliko alipokuwa na kamba.

Karafuu zikaanza.

Mzee Shaame alifika asubuhi ile ile, amevaa kanzu ya safari, gari la ng'ombe linangoja njiani. Alitoa salamu zake zote kwa utaratibu, akamuuliza mama mkwe hali, hali ya nyumba, hali ya watoto. Kisha akasema, "Khatibu, inuka twende."

Khatibu akaanza kufunga kitambaa.

Nikasema, "Mzee, bado sijapima."

"Bibie, umepima mpaka umechoka. Mwache."

"Nimechoka mimi au wewe? Kaa! Nikimaliza umchukue." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na huo si usemi wa mtu wa umri wangu kwa mtu wa umri wake. Bi Mize akaziba mdomo kwa kanga. Nikangoja Bi Salma anikaripie.

Bi Salma akasogeza ungo. "Kaa, Shaame," akasema. "Chai ipo."

Akakaa, kwa hasira. Nikamvua Khatibu banzi. Nikamkunja kiwiko, gumba juu. "Shika glasi." Nikamshindilia chini. "Nivute. Zaidi." Jasho lilimtoka puani. Nikaweka kidole juu ya kigasha, nikafumba macho, maana macho hutamani na yakitamani husema uongo.

Kitu kikapita chini ya kidole changu. Kidogo, kikakatika.

Ukipima mara moja, hujapima. "Tena," nikamwambia. Kikapita tena. Nikaogopa kwamba ninahisi mapigo ya damu ya kidole changu mwenyewe. Nilihitaji kidole cha mtu asiyetaka chochote.

"Mama," nikamwita Bi Salma. "Njoo uweke kidole hapa."

Mwanamke yule ambaye hakuwahi kumgusa mwanamme asiye wake alifuta mkono wake kwa leso, akasogea kwa magoti, akatia leso baina ya kidole chake na ngozi ya Khatibu, akabonyeza pale nilipomwonesha.

"Vuta, mwanangu," akamwambia.

Khatibu akavuta. Bi Salma akaurudisha mkono haraka kama aliyeguswa na moto, kisha akauweka tena, taratibu, akanitazama mimi, akalitazama na tumbo langu.

"Chacheza," akasema. "Shaame, njoo. Chacheza kama ntoto."